Uzi Uliolegea na Mushanana wa Dada

Sebuleni kwetu Mbugangari, Rwanda, karibu na mpaka wa Goma, kuna picha ya mama siku ya gusaba yake, siku ambayo watu wa baba walikuja kumuomba kwa wazazi wake. Amevaa mushanana wa zambarau hafifu: sketi ndefu iliyojaa mikunjo kiunoni, na kitambaa kilekile kimepita juu ya bega moja na kuanguka mbele. Amependeza sana. Kila mgeni anayeitazama hiyo picha, kabla hajafungua mdomo, mama humwambia, "Ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa kukodi."

Nilipokuwa mtoto nilidhani hiyo ni sehemu ya salamu. Nilipokua nikaanza kuuliza kwa nini ni lazima aseme. Akanijibu kwamba anasema kwa sababu ni kweli. Nikamwambia kuna mambo mengi ya kweli ambayo hatuwaambii wageni, kwa mfano kwamba kochi walilokalia lina mguu mmoja wa tofali. Akasema habari ya kochi mgeni ataigundua mwenyewe.

Kisa chenyewe anakisimulia akicheka. Yeye na wazazi wake walikuwa wamerudi Rwanda kutoka Tanzania si muda mrefu, hawakuwa na vitu vingi, mushanana ukakodiwa mjini. Mwenye nguo alikuwa na mteja mwingine siku hiyohiyo, kwa hiyo alikuja mwenyewe akasimama kwenye mlango wa nyuma. Wageni walikuwa bado na chupa mkononi wakati mama alipoitwa uani akavuliwa. Akarudi kuwahudumia wakwe zake akiwa na kitenge cha nyumbani, na mmoja wa shangazi za baba akamkabidhi sahani tupu akamwambia, mwanangu, hebu kamwite yule binti tuliyekuja kumuomba, tumuage. Hapo mama hucheka zaidi, na sisi hucheka naye. Mimi nimekisikia kisa hicho mara nyingi sana hadi nikaanza kutilia shaka kicheko chenyewe. Kitu kisichouma, mtu hakisimulii kwa mpangilio uleule kila mara.

Kwa hiyo dada yangu alipotangaza kwamba watu wa mchumba wake wamepanga kuja, mama alisema jambo moja tu: mushanana atashona yeye.

Dada anafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja kando ya ziwa, na ana roho ya watu wa mapokezi: anapenda mambo yawe yamethibitishwa mapema. Alimkumbusha mama, kwa adabu, kwamba mjini kuna duka la kukodi lenye kila rangi na kila kipimo, na kwamba siku hizi hata mabinti wa matajiri wanakodi. Mama akasema ni vizuri, mabinti wa matajiri wakodi. Baada ya majadiliano marefu wakaafikiana. Gusaba ilikuwa Jumamosi. Mushanana ukiwa tayari Alhamisi jioni, dada atauvaa. Usipokuwa tayari, Ijumaa asubuhi anakwenda dukani na hakuna mtu atakayenuna. Kipengele cha kutonuna dada alikirudia, akimtazama mama.

Cherehani tuliyokuwa nayo ilikuwa ya bibi, ya kuzungusha kwa mkono, iliyorudi nao kutoka Tanzania. Kwa kitenge na mapazia haina mpinzani. Lakini kitambaa cha mushanana ni chepesi, kinateleza, ukikipulizia kinaondoka. Cherehani ya bibi ilikitafuna. Hapo ndipo alipoingia shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa Goma na anayeuza vitenge huko. Akasema yeye atatafuta mashine ya kisasa, na kweli wiki iliyofuata akavuka mpaka akiwa na cherehani ndogo ya umeme, iliyokwisha tumika, imefungwa ndani ya shuka kama mgonjwa. Shangazi hajui kushona hata kifungo. Hilo halijawahi kumpunguzia maoni.

Mashine ikawekwa mezani karibu na dirisha. Mama akatunga uzi, akaweka kipande cha kitambaa, akakanyaga pedali. Kwa juu mshono ulionekana mzuri, mnyoofu. Akageuza. Chini kulikuwa na rundo la vitanzi, uzi umelala ovyo kama tambi zilizomwagika.

"Mi niliiona na macho yangu," alisema shangazi. "Kule Goma ilikuwa nashona muzuri kabisa."

Kwa siku mbili wakapambana na upande wa chini, kwa sababu uchafu ulikuwa chini. Walitoa bobini, ile rola ndogo ya uzi wa chini, wakaifuta, wakaijaza upya, wakabadilisha uzi, wakapulizia mavumbi. Vitanzi vikabaki vilevile. Mama akaanza kuisemesha mashine kwa upole, kwa kile Kiswahili chake cha Tanzania kisichokosa hata irabu moja: tafadhali, mwenzangu, hebu tushirikiane. Shangazi akamwambia kosa liko hapo. Mashine imezoea Kiswahili cha Goma, na mama iko naisemesha kama mwalimu, bon, itashona namna gani? Mama akamwambia basi aiambie yeye. Shangazi akainama, akainong'oneza kitu. Mama akakanyaga. Vitanzi.

"Iko na haya," shangazi akasema. "Watu ni wengi humu ndani."

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimesoma takwimu, na nilikuwa nyumbani nikingoja majibu ya maombi ya kazi, hali inayomfanya mtu apatikane kirahisi. Sikuwa nimeulizwa kitu. Niliuliza mimi, kama kawaida yangu, nikianza na swali la mashine ilikuwa inashona nini kule Goma.

"Kitambaa," shangazi alisema.

Kitambaa gani, kwa uzi gani, na nani aliyetunga huo uzi? Shangazi akanitazama kwa huruma. Uzi ulikuwa tayari umetungwa alipofika, muuzaji alikanyaga tu, mashine ikaenda. Akamgeukia mama akamuuliza kama huyu mutoto walimpeleka université kusoma au kusomea upolisi.

Lakini Jumatano ilikuwa imefika, dada alishaanza kutazama picha za duka la kukodi kwenye simu, akiificha skrini kila mama anapopita, na mama alishaanza kujifanya haoni. Nikaomba nipewe mashine kwa saa moja. Mama akanipa kiti chake, na yeye akavuta kingine akakaa karibu, mkono ukiwa juu ya meza kama mtu anayemfundisha mtoto kuendesha baiskeli.

Nilichofanya kwanza ni kumwomba mama atunge uzi mwekundu juu na mweupe chini, ili nijue nani anafanya nini. Mshono wa cherehani ni nyuzi mbili zinazokutana ndani ya kitambaa na kuvutana. Zikivutana kwa nguvu sawa, fundo linajificha katikati, huoni kitu. Mmoja ukilegea, mwingine unauvuta hadi upande wake. Nikaongeza urefu wa mshono ili kila fundo lionekane vizuri, nikakanyaga, nikageuza. Vile vitanzi vya chini vyote vilikuwa vyekundu.

Kumbe uchafu ulikuwa chini, lakini mchafuzi alikuwa juu. Uzi wa juu ulikuwa umelegea kiasi kwamba wa chini ulikuwa unauvuta bure, unavyotaka. Wale mama wawili walikuwa wamemhoji mtu asiyehusika kwa siku mbili.

Hilo lilinifurahisha kupita kiasi, na shangazi aliliona. Akaniambia nisicheke kwanza, nirekebishe.

Mbele ya mashine kuna kigurudumu kidogo chenye namba, sifuri hadi tisa. Hicho ndicho kinachokaza na kulegeza uzi wa juu: ndani yake kuna visahani viwili vya chuma, uzi unapita katikati, na ukizungusha kuelekea namba kubwa visahani vinaubana zaidi. Kilikuwa kwenye tatu. Nikapeleka tano. Vitanzi. Saba. Vitanzi. Nikakizungusha hadi tisa, mwisho kabisa, na kipande cha jaribio nikakigeuza nikiwa na hakika. Vitanzi vilevile, vyekundu, vya furaha.

Nikatangaza kwamba kigurudumu ni pambo. Nilieleza, nadhani kwa urefu, kwamba watengenezaji wa vitu wanajua binadamu hutulia akipewa kitu cha kuzungusha, na kwamba huenda namba zote za dunia hii za namna hiyo, kwenye pasi, kwenye redio, hazina kazi yoyote. Dada, aliyekuwa anapaka kucha rangi kwenye kochi, akauliza kama amwambie mwenye duka tuko njiani.

Ndipo nikamwona mama akiitupia jicho ile picha ya ukutani, mara moja tu, kisha akaanza kukunja kitambaa kizuri ambacho hakijakatwa. Alikuwa anakikunja kwa ule utaratibu wa mtu anayerudisha kitu dukani.

Nilishika uzi karibu na sindano nikauvuta kwa kidole, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa akili. Ukaja. Ulikuja laini, bila kizuizi chochote, kana kwamba nauchomoa kwenye rola. Kigurudumu kikiwa kwenye tisa. Nikauvuta tena. Kwa hiyo kigurudumu huenda kilikuwa kinabana kwa nguvu zake zote, ila kilikuwa hakibani uzi. Uzi ulikuwa unapita pembeni.

Nikamwomba mama autunge upya, polepole, nami nitazame. Akaacha kukunja. Akakaa, akanyoosha mgongo, na kabla hajagusa uzi, akateremsha ule wenzo mdogo wa nyuma unaoshusha mguu wa mashine, kile kichuma kinachokandamiza kitambaa.

"Kwa nini unaushusha kwanza?" nikamuuliza.

"Ili usiniangukie kidoleni."

"Umewahi kukuangukia?"

"Haujawahi," mama alisema, "kwa sababu naushusha."

Nimekaa madarasani miaka, nimefundishwa jinsi ya kuvunja hoja, na hadi leo sijapata jibu la hiyo. Shangazi alipiga makofi mara moja, taratibu, kwa niaba ya upande wa mama.

Polepole habari yote ikatoka. Cherehani ya bibi ilikuwa na wenzo uliolegea. Ukiinua mguu, ulikuwa unakaa juu unapotaka na kuanguka unapotaka, na uliwahi kumwangukia bibi kwenye ukucha. Tangu hapo nyumba nzima ya bibi ilifundishwa: mguu chini kwanza, juu ya kitambaa kilichokunjwa, kisha ndipo mtu anatunga uzi. Mama alijifunza hivyo akiwa msichana, na kwenye ile mashine ya bibi hakukuwa na hasara yoyote, kwa sababu visahani vyake viko nje, unaviona, unauingiza uzi katikati kwa kuusukuma. Hii mpya imevificha ndani ya plastiki. Mguu ukiwa chini, visahani vinafumba. Mama alikuwa anapitisha uzi juu ya mlango uliofungwa, kwa uangalifu mkubwa, kila siku.

Nikamwomba atunge mguu ukiwa juu. Akakataa. Nikamweleza. Akaniambia amenielewa vizuri na bado anakataa, kidole ni chake. Mwishoni tukapatana: angetunga mguu ukiwa juu kwa sharti kwamba mimi niushike ule wenzo kwa mkono wangu muda wote, nisiangalie pembeni, nisiulize swali.

Nikaushika. Mama akapitisha uzi, na mara hii, uliposhuka kwenye mfereji, kulisikika kitu kidogo ndani, kama kidole kinachogusa sahani. Uzi umeingia. Tukashusha mguu, nikavuta kwa kidole. Haukuja. Sindano nzima ikapinda kidogo kuelekea kwangu. Nilipiga kelele nadhani, maana dada alipaka rangi kwenye kidole badala ya ukucha.

Mama hakutaka jaribio lingine. Alikuwa ameona majaribio ya kutosha kwa maisha yake. Akachukua kitambaa chenyewe, akapima, akakata kipande cha sketi. Ila ni mtu wa tahadhari: alisema ataanza na ukingo wa juu, mstari mmoja tu wa kuuzuia usifumuke nyuzi, kwa kuwa ukingo huo utafichwa ndani ya mshipi wa kiuno hata ukiharibika. Akakanyaga.

Mimi nilikuwa bado nashangilia moyoni. Sikukumbuka kwamba kigurudumu nilikiacha kwenye tisa. Sasa kilikuwa kinashika uzi kweli, kwa hasira ya siku zote zilizopita. Kitambaa kiliingia upande mmoja kikiwa kimetandazwa meza nzima, na upande wa pili kikatoka kimejikunyata, upana wote umekusanyika ukaweza kukaa kwenye mapaja ya mama.

Dada akafunga chupa ya rangi, akaniambia kwa sauti ya mapokezi kwamba nisijali, Ijumaa atakwenda dukani mwenyewe.

Mama alikuwa hajainuka. Akakishika kile kitambaa kwa ncha zote mbili akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mikunjo ilikuwa midogo, imepangana, imelingana kutoka mwanzo hadi mwisho. Akavuta uzi kidogo, mikunjo ikasogea pamoja. Akaulegeza, ikaachana. Kisha akamwita dada asimame, akakizungusha kiunoni mwake.

Sketi ya mushanana inahitaji nini kiunoni? Mikunjo. Ile kazi ambayo mama alikuwa ameitengea Alhamisi nzima, kwa sindano ya mkono, tundu baada ya tundu, mashine ilikuwa imeimaliza kwa pumzi moja kwa sababu mimi nilisahau kigurudumu kwenye tisa na mshono mrefu. Uzi ukibanwa sana, na kitambaa kikiwa chepesi, hakina ubishi, kinakunjamana.

"Usikiguse hicho kigurudumu," mama akaniambia. "Kwanza nimalize upande wa pili wa sketi."

Alipomaliza ndipo akaniruhusu. Tukarudi kwenye vipande vya majaribio, nyekundu juu, nyeupe chini, mshono mfupi. Kwenye tano kitambaa bado kilijivuta. Kwenye mbili nukta nyekundu zikaanza kuchungulia chini. Kati ya mbili na tatu, karibu zaidi na tatu, mama akageuza, akageuza tena, akauliza chini ni upi na juu ni upi. Hatukujua. Alicheka kicheko kifupi ambacho sikukijua, tofauti na kile cha picha. Pindo la sketi lote alilishona kwa namba hiyo, likalala kama limepigwa pasi. Alhamisi jioni mushanana ulikuwa umetundikwa mlangoni, na dada alikuwa amezifuta picha za duka la kukodi kwenye simu, tena akijificha kama alipokuwa akizitazama.

Shangazi alisema yeye tangu mwanzo alijua, mashine ya Goma haiwezi kushindwa.

Jumamosi wageni walikuja, wakaketi, wasemaji wa pande mbili wakabishana kwa madaha kama inavyotakiwa, wakatuchosha, wakatuchekesha. Dada akatoka ndani na wenzake. Sitaueleza mushanana. Nitasema tu kwamba mwanamke mmoja wa upande wa mchumba alimwinamia mama akamuuliza umekodiwa duka gani, kwa sababu na yeye ana binti. Mama alijibu kitu ambacho sikukisikia, lakini nilimwona mwanamke yule akainuka nusu kwenye kiti, akatazama kiuno cha dada upya.

Vinywaji vilipoanza kuzunguka, dada alikuja uani tulipokuwa tunapanga sahani. Mtu aliyekulia katika nyumba yetu, kwenye kisa kile, ana mazoea yake. Alishaanza kufungua pini ya begani.

"Nivue sasa, mama? Nisije nikauchafua."

"Uvue kwa nini," mama alisema. "Kuna mtu anaungoja?"

Shangazi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, viatu amevivua, anapumzisha miguu. Akanyoosha mkono wazi.

"Mi niko naungoja," alisema. "Leta haraka, niko na kiriya mwingine."

Alikuwa na maana ya mteja, kwa Kifaransa chake cha sokoni. Mama alimtazama pale mlangoni, akaelewa, akakaa chini kwenye kreti ya chupa, akacheka hadi akashika ubavu, hadi dada akacheka, hadi wageni wawili wakaja kuuliza kuna nini. Dada akarudi ukumbini na pini yake imefungwa. Kabla ya jioni mushanana ulikuwa na doa la mchuzi karibu na pindo, na mama aliliona, akaendelea kupanga sahani.

Siku hizi kuna picha ya pili ukutani, ya dada. Wageni wanaitazama, mama anawaacha waitazame, anasubiri waulize. Kuhusu kutunga uzi, hadi sasa anainua mguu kama nilivyomwelekeza. Lakini kwanza ananiita, popote nilipo ndani ya nyumba, nije niushike.